Chujio la Moshi la Gari la Dizeli: Lijue Kabla Halijakutia Hasara

Mkulima wa skimu anajua kutunza plau yake, anajua kuogesha ng'ombe, na anajua kwamba mahindi yasiyokauka hayafai kutiwa ghalani. Mambo hayo ameyasikia mara nyingi kwa Bwana Shamba, na mengine amefundishwa na hasara. Lakini katika miaka hii kimeingia mashambani mwetu chombo ambacho wengi hawakuelezwa habari zake, nacho ni chujio la moshi lililo chini ya magari mapya ya dizeli. Mtu hununua pikapu au lori dogo la kuchukulia maziwa, mbolea na mahindi. Baada ya miezi kadha taa ya manjano huwaka mbele ya dereva, gari hukosa nguvu, na fundi husema, "Chujio limeziba."

Hapa Kiminini, na kote Trans Nzoia hata Bungoma, maneno hayo yanasikika sana. Mwenye gari asiyejua kitu atakubali lolote atakaloambiwa, kwa maana gari limesimama na maziwa yanaharibika. Yafaa basi tueleze chombo hiki ni nini, kinafanyaje kazi, na mkulima afanye nini ili kisimtoe fedha za karo na za mbegu.

CHUJIO HILI NI NINI

Kila mtu aliyekaa katika jiko la kuni ameona masizi. Kuni zikikosa hewa ya kutosha haziungui vizuri, na kile kisichoungua hupanda juu na kushikamana na dari na sufuria. Injini ya dizeli nayo ni jiko. Mafuta hupulizwa ndani ya hewa iliyobanwa mpaka ikawa moto sana, nayo huwaka yenyewe bila cheche. Mahali ambapo mafuta ni mengi na hewa ni kidogo, masizi hutokea. Zamani masizi yote yalitoka nje kwa bomba la moshi, ambalo mafundi huliita egzosi, na ndiyo maana lori kuukuu likipanda mlima huacha wingu jeusi nyuma yake.

Chujio la moshi limewekwa katika bomba hilo ili kuyazuia masizi yasitoke. Ndani ya mkebe wa chuma mna kitu kama sega la nyuki kilichotengenezwa kwa udongo mgumu uliochomwa. Matundu yake ni membamba na marefu, na kila tundu limezibwa upande mmoja. Moshi ukiingia katika tundu hauna njia ya kutoka ila kupenya katika ukuta. Hewa hupita, masizi hubaki.

Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilianza kuuza gari dogo lenye chujio hili mwaka 2000. Huko Japani, mji wa Tokyo na majimbo ya jirani walipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yenye masizi mengi kuanzia Oktoba 2003. Baadaye sheria za Ulaya na Japani zikawa kali hata karibu kila gari jipya la dizeli likawa na chujio. Jambo hili latuhusu sisi, kwa kuwa magari mengi tunayonunua Kenya yametumika kwanza Japani, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Kwa hiyo dizeli inayoshushwa Mombasa siku hizi imetengenezwa katika miaka ya machujio. Watengenezaji huliita kwa majina mbalimbali. Kwenye Isuzu utaona herufi DPD, kwenye Hino DPR, na kwenye magari mengine DPF. Kazi yake ni ile ile.

LINAJISAFISHAJE

Mtu atauliza, "Kama masizi yanabaki ndani, je, chujio halitajaa?" Naam, litajaa. Lakini masizi ni kitu kinachoweza kuungua, na hiyo ndiyo siri ya chombo chote. Kama vile mama anavyoweza kuchoma masizi ya jiko kwa kuwasha moto mkali, gari nalo huyachoma masizi ya chujio kwa joto la moshi wake.

Gari hufanya hivyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya safari. Gari likienda mwendo mzuri kwa muda, likiwa na mzigo au likipanda mlima, moshi wake hupata joto kubwa, na masizi huungua polepole bila dereva kujua. Ndani ya chujio, au mbele yake, mmepakwa madini ya thamani kama platinamu ambayo husaidia kazi hiyo ifanyike katika joto la chini kidogo.

Njia ya pili ni ya kompyuta ya gari. Vipimo vilivyo katika bomba hulinganisha nguvu ya moshi kabla na baada ya chujio. Vikiona moshi unapita kwa shida, kompyuta huongeza mafuta kidogo ili joto lipande mpaka kadiri ya digrii 600. Katika joto hilo masizi huungua upesi. Kazi hii kwa kawaida huchukua dakika 10 hata 25, na gari sharti liwe katika mwendo. Dereva mwangalifu ataitambua: injini ikiwa imesimama bila gia hunguruma juu kidogo kuliko kawaida, feni huenda kwa nguvu, na pana harufu ya kitu cha moto. Hilo si ugonjwa. Ni gari linajisafisha, na dereva anatakiwa aliache limalize.

KWA NINI GARI LA SHAMBA HUZIBA UPESI

Sasa tuangalie kazi ya gari la mkulima. Tuseme mtu ana pikapu hapa Kiminini. Asubuhi hupeleka maziwa katika kituo cha kupokelea, akarudi. Mchana huenda dukani kuchukua chakula cha ng'ombe, akarudi. Jioni huenda kuchukua majani au maji. Safari zote ni fupi, barabara ni ya udongo, mwendo ni wa polepole, na kila mara injini huzimwa kabla haijapata moto wa kutosha.

Katika kazi kama hiyo moshi hauwi na joto la kuchoma masizi. Kompyuta hujaribu kuanza kusafisha, lakini dereva amekwisha fika na amezima gari. Kesho ni vivyo hivyo, na kesho kutwa. Masizi huongezeka kila siku. Gari la mtu anayekwenda Eldoret kila wiki halina taabu hii, hata kama limekwenda kilomita nyingi zaidi. Wengi hushangaa kwamba gari linalotembea kidogo ndilo linaloziba kwanza, lakini msomaji aliyefuata maneno haya ameona sababu.

Jambo jingine ni kuacha injini ikinguruma gari likiwa limesimama. Wakati wa mavuno, malori hupanga mstari mrefu mbele ya bohari za Bodi ya Nafaka, na madereva wengine huacha injini saa nzima. Injini inayonguruma bila kazi ni ya baridi, nayo hutia masizi katika chujio bila kuyachoma. Zima injini. Utaokoa mafuta pia.

Dawa ya jambo hili haina gharama kubwa. Angalau mara moja kwa wiki lipe gari safari ya kweli. Panga shughuli zako pamoja, badala ya safari tatu fupi za mjini fanya moja ndefu. Tumia barabara ya lami ya Kitale na Webuye, enda mwendo halali usiobadilika-badilika, weka gia inayoifanya injini izunguke vizuri bila kulemewa, uendelee hivyo kwa dakika 20 au 30 baada ya injini kupata moto. Kama ni lazima kusafiri na mzigo, fanya safari hiyo ukiwa na mzigo, maana mzigo huongeza joto.

TAA IKIWAKA

Katika magari mengi alama ya chujio ni picha ya mkebe wenye nukta ndani yake. Ikiwaka rangi ya manjano, maana yake ni kwamba masizi ni mengi lakini bado yanaweza kuchomwa. Usingoje mpaka kesho. Lipeleke gari barabarani kama tulivyoeleza, mpaka taa izimike.

Malori madogo mengi yana kidude cha kubonyeza cha kusafishia chujio gari likiwa limesimama. Taa yake ikianza kumulika, tafuta mahali pa wazi, simamisha gari, toa gia, vuta breki ya mkono, uache injini ikinguruma, kisha bonyeza. Injini itapandisha sauti yenyewe. Usiikanyage, usiizime, mpaka imalize. Soma kitabu cha gari lako, kwa kuwa kila aina ina desturi yake. Kama kitabu ni cha Kijapani, mwulize fundi anayelijua gari hilo, ukaandike maneno yake katika daftari.

Ikiwa umeipuuza taa mpaka taa ya injini nayo ikawaka na gari likakataa kwenda kwa nguvu, safari ndefu haitafaa tena. Masizi yakizidi sana huweza kuwaka yote mara moja na kulipasua lile sega la udongo. Hapo gari liende kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Yeye ataweza kuamuru usafishaji, na tena ataangalia kama sababu ni chujio lenyewe, au ni nozeli inayovuja, au tabo iliyochoka, au kipimo kilichoharibika. Mara nyingi chujio hulaumiwa kwa kosa la kifaa kingine. Ukiweka chujio jipya juu ya nozeli mbovu, nalo litaziba.

JIHADHARI NA MOTO

Hapa natia mkazo. Wakati chujio linajisafisha, bomba la moshi huwa moto kupita kiasi. Nyasi kavu au mabua ya mahindi yakigusa bomba hilo yanaweza kuwaka. Mwezi wa Januari na Februari mashamba yetu yamekauka, na wakati wa mavuno mabua yametapakaa kila mahali. Mtu akiegesha pikapu juu ya mabua, akaenda kupakia magunia huku injini ikinguruma, anaweza kupoteza gari, mavuno na shamba la jirani.

Basi usiegeshe gari la dizeli juu ya nyasi kavu. Egesha juu ya udongo mtupu. Usibonyeze kidude cha kusafishia karibu na ghala, nyumba ya makuti au nyasi, mtungi wa mafuta, wala mahali watoto wanapocheza. Kabla ya kusafiri shambani tazama chini ya gari kama hakuna mabua yaliyonasa. Wala usiache injini yoyote ikinguruma ndani ya ghala lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

MAFUTA NA OILI

Chujio hula kile linacholishwa. Adui mmoja ni kiberiti kilichomo katika dizeli. Zamani dizeli yetu ilikuwa na kiberiti kingi. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuingiza dizeli yenye kiberiti kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na bila hatua hiyo machujio haya yasingeweza kudumu kwetu.

Adui mwingine ni mafuta yaliyochanganywa. Watu wasio waaminifu walikuwa wakitia mafuta ya taa katika dizeli kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida hiyo ipotee. Hata hivyo mkulima asinunue dizeli ya mitungi njiani kwa sababu ni rahisi. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli. Nozeli zikilika hazipulizi vizuri, na nozeli isiyopuliza vizuri huzaa masizi. Nunua katika kituo unachokijua, uchukue risiti. Kama unaweka akiba ya dizeli shambani kwa ajili ya trekta, pipa liwe safi, lifunikwe, na maji yasiingie.

Kuhusu oili, wengi hawajui kwamba gari lenye chujio lahitaji oili yake maalumu. Oili kidogo huungua daima ndani ya injini, na dawa zilizomo huacha majivu. Masizi huungua, lakini majivu hayaungui kabisa, nayo hukaa katika chujio mpaka litolewe na kusafishwa. Kwa hiyo tafuta oili yenye majivu machache. Kwenye mkebe wa oili ya magari ya Kijapani tazama alama DL-1 kwa magari madogo, au DH-2 kwa malori. Kwa magari ya Ulaya tazama herufi C pamoja na namba, kama C2 au C3. Kitabu cha gari kitakuambia ni ipi. Oili ya trekta la zamani, hata kama ni nzuri kwa trekta, italijaza majivu chujio la pikapu yako.

Tena pima oili kila wiki kwa kijiti chake. Desturi yetu ni kuogopa oili ikipungua. Katika gari lenye chujio yakupasa kuogopa pia ikiongezeka. Usafishaji unapokatizwa mara kwa mara, ile dizeli ya ziada huteremka na kuchanganyika na oili. Ukiona oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli, imwage na utie mpya upesi, kwa kuwa oili nyepesi haiwezi kulinda injini.

UREA YA GARI NA UREA YA SHAMBA

Baadhi ya malori na magari mapya yana tangi jingine dogo, lenye kifuniko cha buluu. Maji yake huitwa AdBlue, nayo ni urea safi sehemu 32.5 kwa mia, na iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Hupulizwa katika moshi ili kuvunja hewa mbaya za naitrojeni. Kazi yake ni mbali na kazi ya chujio la masizi, ingawa vyote vimo katika bomba moja.

Mkulima akisikia neno "urea" atafikiri mara moja juu ya gunia la mbolea lililo ghalani. Atasema, "Kwa nini ninunue maji haya kwa bei kubwa, na mimi ninayo urea?" Usifanye hivyo hata kidogo. Urea ya shamba, yenye naitrojeni 46 kwa mia, imetengenezwa kwa ajili ya mahindi. Ina vitu vingine ndani yake, na chembe zake huweza kuwa zimepakwa dawa ili zisigandamane. Maji ya kisima nayo yana madini. Mchanganyiko huo utaganda katika pampu na sindano ndogo ya kupulizia, na vifaa hivyo ni vya bei kubwa kupita magunia mengi ya mbolea. Nunua maji yaliyofungwa katika mtungi wake, yaweke mahali pa kivuli, na usiyatie kamwe katika tangi la dizeli.

JE, TULIKATE CHUJIO?

Fundi wengine watakuambia, "Tutalikata chujio, tutie bomba tupu, na kompyuta tutaidanganya. Gari litakuwa na nguvu." Shauri hili linawavuta watu wengi kwa sababu ni la bei nafuu siku ile.

Lakini fikiri. Kwanza, ugonjwa uliolifanya chujio lizibe haujaondoka. Nozeli mbovu itaendelea kula mafuta. Pili, kompyuta ikichezewa na mtu asiyejua, gari linaweza kutia mafuta vibaya na kuharibu injini. Tatu, Kanuni za Ubora wa Hewa zimeweka mipaka ya moshi wa magari, na gari linalotoa wingu jeusi linaweza kukataliwa wakati wa ukaguzi. Nne, lile sega lililotolewa lina platinamu, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua thamani yake. Anayejitolea kukuondolea chujio bure huenda ndiye anayepata faida kuliko wewe. Tano, masizi yatarudi katika hewa ambayo watoto wako huvuta.

Jambo hilo la tano si dogo. Mwezi wa Juni 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha kansa kwa wanadamu. Chembe za masizi ni ndogo sana hata pua haiwezi kuzizuia, nazo huingia ndani ya mapafu. Wanaopata taabu zaidi ni wale walio karibu na bomba kila siku: dereva, utingo, mpakiaji wa magunia, na mwenye duka kando ya barabara.

Vilevile usikubali chujio lichokonolewe kwa chuma wala kuoshwa kwa petroli. Sega la udongo huvunjika, na petroli ni hatari ya moto. Likijaa majivu, jambo ambalo kwa kawaida huja baada ya kilomita 100,000 na zaidi, hutolewa na kusafishwa kwa joto na hewa ya mashine katika karakana yenye vyombo hivyo. Uliza bei ya kusafisha kabla ya kukubali kununua jipya.

UKITAKA KUNUNUA GARI

Kabla ya kutoa fedha, fanya mambo haya. Ingiza kidole kilichofungwa kitambaa katika mdomo wa bomba la moshi, injini ikiwa imepoa. Gari lenye chujio zima lina bomba karibu safi. Kitambaa kikitoka cheusi tititi, chujio limepasuka au limekatwa. Washa ufunguo uone kama taa ya chujio na ya injini huwaka kwanza kisha huzimika. Taa isiyowaka kabisa huenda imekatwa waya ili kukuficha. Pima oili. Lala chini utazame kama bomba limechomelewa upya. Kisha liendeshe mpaka lipate moto, ulipandishe mlima, uone kama lina nguvu.

Tena jiulize swali la maana zaidi: kazi yangu ni ipi? Kama gari litafanya safari fupi tu za maziwa kila siku na halitaonja lami, gari la petroli au la dizeli lisilo na chujio huenda likakufaa zaidi. Chama cha ushirika kinachonunua lori la pamoja nacho kijiulize hivyo hivyo, na kimchague dereva mmoja au wawili wa kufundishwa. Gari lenye madereva sita halina anayetazama taa.

TREKTA NA MAGARI YA ZAMANI

Matrekta mengi ya skimu zetu hayana chujio la moshi. Hata hivyo moshi wake husema. Moshi mweusi ni mafuta mengi na hewa kidogo: tazama chujio la hewa, maana vumbi la kulimia Januari hulijaza upesi, kisha nozeli na pampu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida, lakini ukiendelea injini ikiwa moto, mwite fundi atazame kama maji yanaingia ndani au mafuta hayaungui.

Kumbuka pia kwamba Kitale iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,900. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Injini isiyo na tabo, ikiwa pampu yake imerekebishwa kwa hewa ya pwani, itatoa moshi mweusi hapa kwetu na kupoteza mafuta bure. Mwambie fundi airekebishe kwa nchi ya juu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Lipe gari safari ndefu ya mwendo mzuri angalau mara moja kwa wiki.
2. Likianza kujisafisha, liache limalize.
3. Taa ya manjano ikiwaka, shughulika siku hiyo hiyo.
4. Usiegeshe juu ya nyasi kavu wala mabua.
5. Nunua dizeli safi, na oili yenye alama inayotakiwa.
6. Pima oili kila wiki. Ikizidi alama, imwage.
7. Usitie mbolea ya urea katika gari.
8. Usikubali chujio likatwe kabla ya kujua ugonjwa wenyewe.

Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, oili uliyotia, mafuta uliyonunua na kila mara taa ilipowaka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi akiyaona maandishi hayo hatakisia, na mkulima akiyasoma mwisho wa msimu ataona kama gari lake linamletea faida au linakula mahindi yake kabla hayajafika ghalani.